Sura ya Saba: Kitabu cha Wote na Kalamu ya Ofisi

Atokaye mjini Meru kwa barabara ya Maua hufika Kianjai, katika Tigania Magharibi, na akiwa ni mtu wa kazi ya majengo jicho lake halitui kwanza juu ya soko wala maduka, bali hutua ardhini. Kwa maana upande wa vilima vya Nyambene udongo ni mwekundu, wenye asili ya volkano, ambao kwa kawaida humpa mjenzi msingi wa kutumainiwa akichimba kwa kina kinachostahiki, ilhali akiteremka kuzielekea nyanda za Isiolo yamkini akakutana na ule udongo mweusi uvimbao kwa mvua na kupasuka kwa jua, ambao huinua sakafu na kuchana kuta za mtu aliyeudharau. Aliyeketi Nairobi au ng'ambo akatunga maneno ya kuwafaa wajenzi wote hakuuona udongo huu. Aliyeuona ni yule karani, mhandisi au mkadiriaji majenzi wa hapa hapa, ambaye kwa kalamu yake aliongeza sentensi mbili katika masharti ya kazi: kwamba udongo mweusi uondolewe wote chini ya sakafu, na mahali pake pajazwe maramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Sura hii yahusu sentensi mbili hizo na hatima yake siku programu ya kompyuta inapoleta toleo jipya la maneno ya wote.

Yafaa tuanze na karatasi zenyewe. Jengo lolote la umma, liwe zahanati au darasa, hujengwa kwa maandishi ya namna tatu: ramani, ambazo huonyesha umbo na vipimo, orodha ya kazi na bei, ambayo watu wa mjengo wote huiita BQ, na masharti ya kazi, yaani spesifikesheni, ambayo hueleza ubora wa kila kitu, kuanzia aina ya saruji na nondo, hadi namna ya kupima zege, na siku ambazo mbao za kumwagia zege zitakaa kabla ya kubanduliwa. Ramani husomwa na kila mtu, na BQ husomwa na kila mwenye kutafuta faida. Masharti ya kazi aghalabu hayasomwi mpaka ufa utokee, na hapo ndipo husomwa neno kwa neno, mbele ya mawakili. Kwa sababu hiyo mimi naona kwamba uandishi wa masharti haya ni amana kubwa kuliko ramani, madhali makosa ya ramani huonekana mchana na kila mpita njia, na makosa ya masharti hulala ndani ya ukuta.

Nchini Kenya jambo hili lilikwisha kupatiwa utaratibu mzuri zamani, kabla ya kompyuta kuingia ofisini. Wizara ya Ujenzi ilitoa kitabu cha masharti ya jumla ya kazi za majengo, toleo la mwaka 1976, na kwa miaka mingi BQ nyingi za serikali zimekuwa zikisema kwamba kazi yote itafuata kitabu hicho, isipokuwa pale ambapo masharti mahususi ya mradi yamesema vinginevyo. Kadhalika, kwa upande wa barabara na madaraja kilitolewa kitabu cha masharti ya kawaida mwaka 1986, na mhandisi wa barabara hajapata kuruhusiwa kukikwangua kitabu hicho. Anachofanya ni kuandika kitabu cha pili, cha masharti maalumu, ambacho hutaja namba ya kifungu cha kitabu cha kwanza, kisha husema: ongeza maneno haya, au futa ibara ile na badala yake soma hivi. Mkandarasi huviweka vitabu viwili mezani, akasoma cha wote, kisha akasoma cha kwake, na panapohitilafiana anajua kipi kinatawala.

Tazama hekima iliyomo humo. Kitabu cha wote kimebaki salama, hakuna mtu aliyekichafua. Maneno ya mahali pale yamebaki salama vilevile, kwa kuwa yana makazi yake yenyewe. Na tafauti baina ya hivi viwili haihitaji mpelelezi, maana kitabu cha pili ndicho tafauti yenyewe, imeandikwa na kutiwa namba. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao si mdogo: kitabu cha wote kilizeeka kikiwa rafuni. Viwango vya Uingereza vilivyotegemewa zama zile vilikuja kufutwa kimoja baada ya kingine, kama BS 8110 ya mahesabu ya zege, iliyotoka mwaka 1985 na kuondolewa mwaka 2010 ili kuipisha Eurocode, na waandishi wa masharti maalumu wakajikuta wanaongeza kurasa mradi baada ya mradi, mpaka hashiya, yaani maneno ya ukingoni, ikawa nene kuliko matini.

Kwingineko duniani ugonjwa huo wa kuzeeka ulitafutiwa dawa ya usajili. Huko Marekani, matini ya masharti iitwayo MasterSpec ilianza mwaka 1969 chini ya chama cha wasanifu majengo wa nchi hiyo; huko Uingereza, NBS ilitoka mwaka 1973; na ofisi ilipolipa ada ilipokea si kitabu tu, bali na marekebisho yake kila yalipotolewa, kwanza kwa karatasi za kuchomeka katika jalada, baadaye kwa diski, na leo kwa intaneti. Shirika la NASA nalo lina programu yake ya kuandikia masharti, SpecsIntact, ambayo jina lake lenyewe ni ahadi kwamba masharti yatahifadhiwa yakiwa mazima. Programu za aina hii ni neema, na asiyekiri hivyo hajawahi kukesha usiku kucha akitafuta kama kiwango fulani bado kinafuatwa. Lakini neema hiyo ilikuja na swali ambalo kitabu cha 1976, kwa sababu hakikubadilika, hakikupata kuliuliza: ikiwa mtunzi wa mbali anabadilisha kifungu, na mimi wa Kianjai nimekwisha kukibadilisha kifungu kile kile kwa ajili ya udongo wangu, neno la nani litabaki?

Ofisi nyingi hulijibu swali hili kwa kulikimbia, na njia za kulikimbia ni mbili. Ya kwanza ni ya kunakili: mtu huchukua faili ya mradi uliopita, akabadilisha jina la mwenye jengo na tarehe, akaendelea, na kuanzia hapo masharti yake yamekatika na asili yake wala hayatapokea tena rekebisho lolote. Kwa njia hii ndipo tunapokuta masharti ya jengo la bara yanayodai rangi ya kustahimili chumvi ya bahari, kwa kuwa faili ilianzia Mombasa; na, jambo la kuhuzunisha zaidi, ndipo tunapokuta maneno ya saruji ya asbesto yakiendelea kuishi katika faili za watu ilhali kanuni za Kenya zilikwisha kuipiga marufuku mwaka 2006. Njia ya pili ni kinyume chake: mtu huandika maneno yake ndani ya matini ya programu yenyewe, asiweke alama yoyote, kisha siku ya toleo jipya hubonyeza kitufe cha kukubali yote kwa kuwa vifungu vilivyobadilika ni mamia na muda wa zabuni umebaki mfupi. Sentensi mbili za udongo mweusi hufutika hapo kimya kimya. Hakuna kengele inayolia. Mkandarasi hujaza sakafu kwa udongo alioukuta, naye hana taksiri, maana masharti aliyoyasoma hayakumkataza.

Wasomi wa fikihi wa pwani yetu, Lamu na Unguja, waliishi na tatizo linalofanana na hili kwa karne nyingi bila kupoteza neno. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki katika karne ya 13, husomeshwa kwa matini yake bila ya kuguswa. Sherehe, yaani maelezo ya kuifafanua, huandikwa kwa kuizunguka matini, na hashiya za mwalimu huwekwa ukingoni, kila neno likijulikana ni la nani na limetoka tabaka gani. Mwanafunzi akipata nakala iliyo sahihi zaidi ya matini, huihamishia hashiya zake palepale penye kifungu chake, akazisoma upya zote, na akaona ipi bado ina kazi na ipi imekwisha kujibiwa na matini yenyewe. Programu nzuri ya masharti ya kazi hutaka kutumiwa kwa adabu hiyo hiyo. Iwepo matini ya mtunzi, isiyoguswa. Juu yake iwepo nakala ya ofisi, inayobeba mambo ambayo ofisi huyataka katika kila kazi yake. Na juu ya hiyo iwepo nakala ya mradi, inayobeba mambo ya kiwanja kimoja tu. Tabaka tatu, na kila badiliko likae katika tabaka lake. Sharti la udongo mweusi, mathalan, si la ofisi nzima, kwa kuwa ofisi hiyo hiyo hujenga pia kwenye udongo mwekundu. Bali sharti la kupimia mchanga na kokoto kwa kisanduku chenye ujazo maalumu, badala ya karai lililojazwa kwa kukisia, ni la ofisi nzima, kwa kuwa mafundi wa karai wako kila mahali.

Sasa na tuingie ndani ya kazi yenyewe ya kupokea toleo jipya. Watu wa kompyuta, tangu programu ya kulinganisha mafaili ilipotungwa katika maabara ya Bell miaka ya 1970, hadi programu ya Git aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, wamethibitisha kwamba kulinganisha maandishi mawili hakutoshi kumaliza ugomvi wa namna hii. Ukiweka maneno yako kando ya maneno mapya ya mtunzi utaona kwamba yanatafautiana, basi. Hutajua ni nani aliyeondoka mahali pake. Ni lazima liwepo andiko la tatu, nalo ni matini ya zamani, ile ambayo wewe na mtunzi mlianza nayo. Kwa andiko hilo la tatu, mambo hujipambanua. Kifungu ambacho mtunzi amekibadilisha na wewe hukukigusa, kipokee baada ya kukisoma. Kifungu ambacho wewe umekibadilisha na mtunzi hakukigusa, kibaki chako. Vile ambavyo nyote wawili mmevigusa ndivyo vya kukalia kitako, na kwa desturi huwa vichache sana, kiasi kwamba mtu aliyeogopa mamia ya vifungu hujikuta ana vichache tu vya kuvifanyia uamuzi kwa asubuhi moja. Kwa hiyo, ofisi isiyohifadhi matini ya zamani imejinyima shahidi wake wa pekee.

Nitoe mfano wa nondo, maana ni mfano ambao madhara yake ni makubwa na ni rahisi kuuelewa. Kiwango cha BS 4449 cha mwaka 1997 kilizungumzia nondo za nguvu ya 460; kilipoandikwa upya mwaka 2005 nguvu ikawa 500, na sanjari na hayo kiwango cha ratiba za kukunja nondo kikabadilisha alama ya michoro, ikawa herufi H mahali ambapo palikuwa na T. Chukulia kwamba ofisi ilikuwa imeongeza katika kifungu cha nondo maneno yake: kila shehena iletwe na cheti, na vipande vikatwe mbele ya msimamizi vipelekwe kupimwa. Mtunzi naye amebadilisha 460 kuwa 500. Mtu akikubali yote, cheti na vipimo vimepotea. Akikataa yote, anadai nondo ambazo kiwango chake kimekwisha kufutwa. Jawabu ni kuyashona: namba ya mtunzi, vipimo vya ofisi. Lakini hata hapo kazi haijesha, kwa kuwa ramani za mhandisi huenda bado zimehesabiwa kwa 460 na kuandikwa T12, na fundi wa Kianjai akienda dukani ataagiza D12 au Y12 kama alivyozoea, bila ya kujua kwamba herufi hizo zina ukoo. Badiliko la kifungu kimoja cha masharti huita badiliko katika ramani na katika BQ, na hakuna programu itakayoyaona hayo kwa niaba ya mtu, isipokuwa pale vifungu vimeunganishwa kwa makusudi. Mimi husisitiza kwamba asipokee toleo jipya mtu mmoja aliyejifungia chumbani; mhandisi na mkadiriaji wawe pale, kila mmoja na karatasi zake.

Kuna jambo moja ambalo laonekana dogo, nami nalipa uzito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni kuandika sababu. Kila badiliko la ofisi liandikiwe kando yake, mahali ambapo mkandarasi hapaoni, nani alilifanya, lini, na kwa ajili ya nini. Bila ya hayo, mtu wa miaka mitano baadaye atakuta kifungu kimepindishwa wala hatajua kama kilipindishwa kwa busara au kwa ajali, na akiwa mwoga atakiacha milele, akiwa shujaa atakifuta. Viwanjani husikika mazungumzo ya namna hii baina ya kijana aliyetoka chuoni na fundi mwenye mvi:

"Mzee, shikamoo. Hapa pameandikwa tuondoe udongo mweusi wote mpaka tufike chini kabisa. Kitabu kipya hakisemi hivyo, nacho kinapunguza gharama. Tukifuate?"

"Marahaba, kijana wangu. Kwanza niambie, aliyeandika hapo aliandika kwa nini?"

"Hakusema, mzee."

"Basi twende nikuonyeshe ile nyumba ya pale chini, uone sakafu yake, ndipo uamue."

Fundi huyo ndiye aliyeibeba sababu kichwani mwake. Ni hazina, naam, lakini fundi huzeeka, huhama, hufariki, na ofisi haina haki ya kumfanya yeye kuwa daftari lake.

Sababu iliyoandikwa hufanya kazi nyingine pia, ambayo wengi hawaifikirii: huruhusu badiliko kufa kwa wakati wake. Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Yamkini ofisi ya Meru iliyoandika masharti yake mwaka ule ilibadilisha vifungu vya mbao, ikakubali miti ya mashamba ya watu binafsi au vyuma mahali pa mbao za paa, kwa kuwa zile zilizozoeleka zimeadimika. Julai 2023 Rais akatangaza kuliondoa zuio hilo, na uamuzi huo nao ukapelekwa mahakamani. Ikiwa kando ya kifungu kile pameandikwa kwamba badiliko ni la zuio la 2018, mhariri wa leo anajua swali la kuuliza, na anajua wapi pa kuliuliza. Ikiwa hapakuandikwa kitu, jengo la leo litajengwa kwa hofu ya miaka ile, wala hakuna atakayejua kwa nini. Mabadiliko ya ofisi si matakatifu. Yapo yanayostahili kulindwa kwa nguvu zote, na yapo yanayostahili kuagwa.

Na yapo yasiyostahili kuwapo tangu awali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakataza masharti ya zabuni ya serikali kutaja alama ya biashara au kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kukieleza kitu kwa usahihi, na hapo maneno ya kuruhusu kilicho sawa nacho yaongezwe. Ofisi iliyozoea kuandika jina la rangi ipendayo au bomba ilipendalo itaona kwamba toleo jipya la mtunzi limeyaondoa majina, nayo itatamani kuyarudisha kwa kisingizio cha kulinda mabadiliko yake. Hapo naliunga mkono toleo jipya bila ya kusita; kifungu cha namna hiyo kiandikwe upya kwa sifa zinazopimika, kama unene wa mabati kwa geji yake au nguvu ya bomba kwa shinikizo lake, ili kila mwenye duka apate nafasi ya haki.

Jaribio kubwa la utaratibu huu wa tabaka na sababu limekuja juzi juzi. Kanuni za ujenzi ambazo serikali za mitaa za Kenya zilizitumia zilitokana na amri ya mwaka 1968, na kwa zaidi ya nusu karne vifungu vya ofisi vilijengwa juu yake, vikitaja namba zake na kuzoea lugha yake. Kisha ikatangazwa Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Hili si rekebisho la kifungu kimoja kimoja. Ni matini nzima mahali pa matini nzima, na namba za zamani hazina mwenza katika mpya. Ofisi iliyoweka maneno yake katika tabaka lake, na sababu kando yake, iliweza kuyachukua moja moja na kuuliza: je, kanuni mpya imelisema hili? Ikiwa imelisema, neno letu limemaliza utumishi wake. Ikiwa haijalisema, tulitafutie makazi mapya. Ofisi iliyochanganya yote katika faili moja haikuwa na la kuchukua wala la kuuliza; ilibaki na ama kuanza upya, ama kuendelea na ya 1968 kwa jina la 2024. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu kinachopotea katika kuanza upya ni elimu ya watu waliouona udongo, mvua za Oktoba hadi Desemba na mchanga wa mito ya hapa, elimu ambayo haikuandikwa kwingine kokote.

Limebaki suala la wakati. Programu hupokea matoleo mapya siku yoyote, lakini mkataba haupokei. Zabuni ikishatangazwa, maneno yake hayabadiliki ila kwa nyongeza rasmi inayopelekwa kwa kila aliyechukua karatasi, kabla ya siku ya kufungua. Na mkataba ukishatiwa sahihi, hayabadiliki ila kwa amri ya mabadiliko ya kazi, yenye bei yake. Kwa hiyo nakala ya mradi ifungwe siku ya kutangaza zabuni, ikatwe kabisa na matoleo mapya, ichapwe, na ihifadhiwe pamoja na matini ya mtunzi ya siku ile, ambayo toleo lake litajwe kwa tarehe. Ikiwa darasa la Kianjai lilitangazwa Machi na toleo jipya likaja Mei, darasa lile litajengwa, litakaguliwa na litakabidhiwa kwa maneno ya Machi. Na ubishi ukizuka katika kipindi cha kurekebisha kasoro, miezi sita au mwaka mzima baada ya makabidhiano, mezani litawekwa andiko la Machi, ambalo mwenye jengo na mkandarasi walilitia sahihi. Toleo la Mei liingie katika nakala ya ofisi, lingojee mradi ujao. Na ikiwa toleo lile la Mei limefichua hatari ya kweli, ya uhai wa watoto watakaoketi chini ya paa lile, msimamizi asingoje mradi ujao: aandike amri ya mabadiliko siku ile ile, aitie bei, na fedha zitafutwe.